Barafu ya Sangara

Sijawahi kuipenda harufu ya samaki, na kuzaliwa Mwanza hakukunisaidia kitu. Miaka ile ya soko huria viwanda vya minofu vilipojipanga ufukweni, mji mzima ulianza kunuka. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiziwa mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara yaliyokaangwa kando ya barabara kwenye mafuta meusi. Watu waliyaita hayo maendeleo. Mimi nilipita pale nimebana pua, na walioniona walisema najisikia. Hawakukosea.

Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa nanuka, tena vibaya kuliko wao. Nilikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kimoja hapo mjini, nikifanya utafiti wa shahada ya pili chini ya profesa aliyekuwa Dar es Salaam. Kazi yenyewe ukiieleza haraka inapendeza. Unachukua metali, nikeli kwa mfano, unaikutanisha na kemikali yenye salfa ili atomu nne za salfa ziikamate pande zote, kisha unaiacha itulie mpaka iwe fuwele. Profesa alizitaka fuwele kubwa na safi, za kupelekwa ng'ambo kupigwa eksirei. Nisipompelekea kabla ya muhula kwisha, nafasi yangu angepewa mtu mwingine. Aliniambia hivyo kwa simu, katika sentensi ileile aliyonipongezea kwa kujifungua.

Mtoto alikuwa wa kiume, wa kwanza, na alikuwa ananyonya. Baba yake alifundisha Kamanga, upande wa pili wa ziwa, akivuka kwa feri kuja kwetu mwisho wa juma tu, kwa hiyo mama mkwe alishuka kutoka Bukoba kuja kumlea mjukuu. Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mstaafu, msafi, mtu wa kanisani, asiyepandisha sauti hata kidogo. Hilo la kutopandisha sauti ndilo lililonikera kuliko yote.

Salfa ikishakamatwa na metali haina neno. Shughuli ipo kabla. Kimiminika nilichokitumia nilikileta kwa treni kutoka Dar, chupa nimeizungushia magazeti, na harufu yake ni ya kabichi iliyoozea kwenye maji. Unakidondosha tone kwa tone ndani ya dawa nyingine inayonuka mkojo wa jana, na chombo lazima kikae kwenye barafu, la sivyo mchanganyiko unapata moto na nusu ya dawa inapaa kukutafuta puani. Chuo hakikuwa na barafu. Friji ya maabara ilikuwa imekufa, na mkuu wa chuo alinishauri nitafute mfadhili. Mfadhili wa friji! Kabati la kuvutia hewa chafu lilishageuzwa stoo ya karatasi za mitihani, basi nikawa nafungua madirisha. Hakuna aliyeuliza kama mwanamke anayenyonyesha anapaswa kuvuta hewa ile, hata profesa mwenye watoto wake hakuuliza.

Barafu ya kweli ilikuwa kwenye viwanda vya samaki. Pale Mabatini tulipopanga, chumba cha pili alikaa dada mmoja wa Kijita aliyekata minofu zamu ya usiku. Alikuwa na mtoto aliyemzidi wangu umri kidogo tu, akimwachia mdogo wake usiku. Nilipomweleza shida yangu, akaanza kuniletea ndoo kila asubuhi, barafu iliyokuwa ya kumwagwa. Barafu yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi kwa damu, ina magamba, na ikianza kuyeyuka inatoa utelezi kama kamasi. Niliibeba hadi maabara mkono nimeunyoosha mbali na mwili.

"Dada, barafu yako hiyo," alikuwa akiniambia. "Usije ukaitia kwenye juisi."

Nilimshukuru nikiwa nimerudi nyuma hatua moja, pumzi nimeibana. Aliliona hilo, akacheka kwa sauti.

"Wewe nawe! Unanikimbia mimi, kwani wewe unanukia nini?"

Alisema kweli, na mtoto ndiye aliyenithibitishia. Mwanzoni aligeuza tu uso nilipomweka kifuani. Baada ya siku chache akawa anajinyonga mgongo na kupiga mayowe mara tu ninapomshika. Nilikoga kwa sabuni ya magadi mpaka ngozi ikachubuka. Nilijisugua limau. Nilivua nguo za kazini uani, nikafunga nywele kwa kitambaa, nikasugua mikono kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Harufu ilibaki kwenye nywele, kwenye kucha, sijui ilibaki wapi pengine. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, mtoto akayatema. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa makopo ya maziwa ya watoto yenye picha za vitoto vinene vya kizungu, nikanunua, yakamharisha. Mapaja yake yakaanza kulegea, ngozi ikakunjana pale palipokuwa na nyama.

Jioni nikirudi mama mkwe alinipokea mlangoni. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha ananieleza kwa upole uleule.

"Mwanangu, leo tena hakushiba."

Hakuniambia niache. Laiti angeniambia niache, tungegombana nikapumua. Niliichukia ile sauti ya upole, nikaichukia maabara, nikamchukia profesa, na kuna jioni nilimtazama mtoto akinikunjia pua nikamchukia na yeye kwa dakika nzima. Asubuhi yake nilibeba ndoo nikaenda kazini, kwa sababu muhula ulikuwa unakwisha.

Siku fuwele zilipotokea nilidhani shida imekwisha. Zilikuwa zimekaa chini ya glasi, za kijani kibichi, zimenyooka kingo, kubwa za kutosha kushikwa kwa koleo. Nilizikausha, nikaziinamia, nikazinusa. Hazikunuka kabisa. Nikeli ilikuwa imeibana salfa mpaka haina hata harufu ya kutoa. Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu hasira zikanipanda. Kitu hiki kingeenda Dar kikiwa safi, profesa angekiweka kwenye kichupa na kukionyesha wageni, na uvundo wote wa kukitengeneza ulikuwa kichwani mwangu.

Nilifunga maabara mapema nikarudi nyumbani. Chumbani kwetu hapakuwa na mtu. Nikasikia mtu akibembeleza mtoto chumba cha pili, nikasukuma pazia.

Jirani alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, macho mekundu kwa usingizi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, hakuwa ameoga tangu atoke zamu. Kwenye mikono yake magamba yalikuwa yamekaukia hadi kwenye viwiko. Mwanangu alikuwa kifuani kwake akinyonya kwa nguvu, mpaka masikio yanacheza. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda pembeni. Aliniona, wala hakushtuka.

"Mtoe mwanangu," nilisema.

"Amelia tangu umetoka, dada. Mimi mwenyewe sijalala."

Miaka ile tulikuwa tukizika watu kila wiki, na kila mtu aliuwaza ugonjwa ule kabla hajawaza kingine. Niliuliza bila hata kushusha sauti.

"Unajuaje kama wewe ni mzima?"

Hakukasirika. Alimfuta mtoto jasho la paji la uso kwa kidole chenye magamba.

"Sijui. Na huyu wako pia simjui. Nimempa hivyohivyo."

"Mimi ndiye niliyemwomba," mama mkwe alisema. "Nimezika wanangu wawili kwa ugonjwa huo. Najua nilichokuwa naomba."

Nilimchukua mtoto, nikaketi palepale mkekani, nikamweka kifuani. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, maziwa yanavuja yenyewe kwenye blauzi. Akaninusa, akajinyonga mgongo, akaanza mayowe yale yale.

Jirani alivua kanga aliyojitanda, akanirushia kichwani, akaivuta mpaka ikanifunika nywele na mabega na kifua.

"Jifunike hiyo. Vizuri."

Ilikuwa mbichi. Ilikuwa na damu ya sangara, na utelezi, na jasho la usiku kucha, na ilinigusa midomo. Nikameza mate machungu. Mtoto alinyamaza. Alipekua kanga kwa pua, huku na huku, akalipata titi, akalishika.

Jirani alijilaza ukutani akasinzia. Mimi nilinyonyesha nikipumulia mdomoni. Nilipozidiwa niliisogeza kanga kidogo nipate hewa, na papo hapo mwanangu aliliachia titi akaanza kulia. Nikaivuta tena mpaka usoni.