Ng'ombe Aliyerudishwa

Juu ya Fort Ternan, pale mashamba ya chai yanapoishia na miwa kuanza bondeni, baba alikuwa na rafiki aliyetoka upande wa ziwa. Baba alimwachia ng'ombe wetu mwekundu amtunze. Kwetu Wakipsigis urafiki huo unaitwa kimanagan: ng'ombe anabaki wako, maziwa anakunywa rafiki, na akimtunza vizuri unampa ndama. Ndama alikuwa ameshapewa, na tangu siku hiyo waliitana ndugu. Mimi aliniita "mamangu", akinitania kwa pengo langu la meno ya mbele, kama la bibi kizee. Kicheko chake nakitamani hata leo, na nywele zangu zimeanza mvi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, yakaja maneno. Kaka yangu aliyaleta nyumbani kutoka mkutano wa hadhara: eti sisi tumelala huku wageni wakineemeka kwa ardhi yetu. Vijana wenzetu wa ng'ambo ya mto wakaunda kundi la kulinda ardhi. Wa kijijini kwetu wakaona aibu kubaki nyuma, wakaunda lao, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amewagusa. Kaka, aliyekuwa akinibeba mabegani hadi sokoni, sasa alizungumza kama redio, na ukimuuliza swali aliendelea tu. Mama alimkemea sana. Lakini siku moja nilimsikia mama mwenyewe akiuliza kama mvua imenyesha "kwa wale wageni". Wageni! Watu waliomletea uji aliponizaa mimi. Hata hakujua amelisema neno hilo.

Siku chache baadaye rafiki wa baba alipanda mlima akimswaga ng'ombe mwekundu, na ndama nyuma yao. Mama alimletea mursik kwenye kibuyu, yale maziwa yetu ya kugandisha aliyoyapenda. Alishukuru, asinywe.

"Ndugu yangu, kwani nimekukosea nini?" baba akauliza.

"Wewe hujanikosea. Lakini jana nimepatana na kijana wako kwa barabara. Yule mtoto ananiitanga baba. Jana ameniambia, 'Mgeni, toka kwa njia.'"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama nikimwomba kimoyomoyo aseme amekosea, aseme alikuwa anatania, aseme lolote. Alikuwa akitazama kwato za ng'ombe.

Baba akashika kamba ya ndama, akairudisha mkononi mwa rafiki yake.

"Hii si yangu. Hii nilikupatia. Ni yako."

"Ni yangu, ndugu," yule mzee akasema, akiiweka kamba chini taratibu. "Lakini sasa niko mgeni hapa. Nitaipeleka wapi?"