Poda Juu ya Bawa la Nyuki

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2012 kule Kibondo, Mkuu wa Mradi aliniuliza, "Bibi, unaogopa nyuki?" Nikamjibu, "Wao ndio waniogope." Nimerina asali tangu sijaolewa. Shule niliishia darasa la tatu.

Kazi ilikuwa kupima umbo la bawa la nyuki likiwa linapiga. Nilimbandika nyuki mgongoni kwa tone la nta kwenye ncha ya sindano, mabawa yakabaki huru. Taa ilimmwagia mistari ya mwanga, kama kitenge. Bawa likijikunja, mistari inapinda. Kamera ya kasi inapiga picha, na kompyuta inaisoma mipindo hiyo na kuchora mabonde na vilima vya bawa. Kwa kuwa bawa linapitisha mwanga kama kioo, lilipakwa kwanza poda nyeupe ili mistari ionekane.

Tulipohamia Kasulu, vipimo viliharibika. Mkuu akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Mama huyu analeta nyuki wagonjwa. Wanapiga mabawa polepole. Tukiendelea hivi wiki hii, arudi shambani kwake."

Mimi! Nyuki wa msitu wa Kagerankanda, niliowatoa mzingani asubuhi ile ile!

"Oya, hapana," nikasema. "Mgonjwa ni poda yako. Tangu tuhamie huku umeizidisha, unawapaka kama bibi harusi."

Wakacheka. Sikucheka. Nikambandika nyuki asiye na poda, nikamsogeza sikioni kwa Mkuu. Sauti nyembamba, kali. Nikampaka poda kwa kipimo chake yeye. Sauti ikashuka, nzito, ya kuchoka.

"Mvishe mtu koti lililolowa halafu umwambie akimbie," nikamwambia. "Ndicho unachofanya."

Fundi wa kamera, binti aliyetoka Tanga, akasema taratibu, "Mkuu, bibi yuko sahihi."

Poda ikapunguzwa ikawa vumbi tu, vipimo vikakaa sawa. Mnadhani aliniomba radhi?

Mwaka 2015 mradi ulifungwa, taarifa ikasomwa mbele ya wageni. Mkuu "aligundua" tatizo la poda. Mimi niliwekwa mwisho kabisa wa orodha ya wafanyakazi: mfagiaji. Ufagio wao sikuwahi hata kuushika!

"Imeshachapwa, Bibi," Mkuu akasema nilipolalamika.

"Nipe kalamu."

Kwa mwandiko wangu uliopinda nikalikata neno lile, nikaandika juu yake: mpimaji. Nakala baada ya nakala, meza nzima, wageni wakinitazama.

Nimestaafu, hasira haijastaafu. Ninyi mnaoanza kazi, kabla hamjasaini, ulizeni mmeandikwa kuwa nani.