Siku Mpishi Alipokataa Maharagwe

Harufu ya karanga zinazokaangwa huwafurahisha watu wengi. Mimi hunikimbiza. Jioni nikimpita mama anayezikaanga kando ya barabara, miguu yangu huongeza mwendo yenyewe, na mume wangu hunicheka kwamba nakimbia chakula. Namwacha acheke. Yeye alikulia mjini. Hajui kwamba kwetu, kwenye vilima vya Masisi, karanga na ndizi mbivu vilikuwa chakula cha njia, na njia yenyewe ilikuwa ile ya kukimbia vita.

Pale Ngungu tulijua mambo haya kabla ya kujua kusoma. Ukimwona jirani ameinjika maharagwe, ulicheza kwa amani, kwa sababu maharagwe yanataka kuni nyingi na karibu nusu siku nzima, na hakuna anayeyainjika akijua ataondoka kabla hayajaiva. Ukimwona anakaanga karanga asubuhi na mapema, uliacha mchezo ukaenda kumwambia mama yako.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, askari wa kigeni wa kulinda amani, wengi wao Wahindi, walikuwa wamepiga kambi juu ya soko letu. Hatukujua dini yao wala hatukuuliza. Tulijua tu kwamba wakiwepo, watu wa bunduki walikaa mbali, na wakiondoka, Mungu atusaidie. Mpishi wao alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu yaliyotunzwa kuliko bustani ya padri. Kila siku ya soko alishuka kununua maharagwe kwa mama yangu, na sisi watoto tukambandika jina la Papa Maharagi. Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache, naye aliyatumia yote kila mara, hata yasiyohusika.

Basi siku moja alishuka, mama akamfungulia gunia. Mpishi akarudisha mikono nyuma kana kwamba mle ndani kuna moto.

"Leo hapana, Mama. Leo hapana."

Akavuka kwa wauza ndizi, akachukua mbivu tu, mikungu kwa mikungu. Akaenda kwa wauza karanga, akazimaliza. Akabeba na maziwa, akapanda zake kambini. Nyuma yake soko lilinyamaza, na nawaambia, soko la Ngungu si la kunyamaza ovyo. Jirani yetu Mama Furaha, aliyekuwa akiuza chumvi, ndiye aliyesema walichokuwa wakifikiri wote.

"Muliona? Anakataa maharagi, anabeba ndizi na karanga. Bale bantu banaenda."

Hakuna aliyebisha. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanafunga mizigo. Mama Furaha alipita mbele ya nyumba yetu akiwa na mtoto mgongoni, kuku kwapani na mfuniko wa sufuria mkononi. Sufuria yenyewe aliisahau nyumbani. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke.

Siku ile sikucheka, kwa sababu ya Koko. Koko alikuwa bibi yangu, mama yake mama, na miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu kabisa. Baba alikuwa mbali, Omate, kwenye machimbo. Wanaume ambao wangeweza kumbeba Koko walikuwa wametangulia na watu wao. Mama alikuwa na mgongo mmoja, na mdogo wangu Espoir alikuwa bado wa kubebwa. Niliyazungusha hayo kichwani, nikaona kuna mtu lazima abaki, na hofu ikanishika hata meno yakaanza kugongana juani.

Koko naye alikuwa ameshaona.

"Muniache miye," alisema kutoka kitandani. "Muniwekee maji na moto. Ubebe batoto, uende."

Koko akarudia, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. Aliporudia mara ya tatu, mama akakaza kitenge chake kiunoni.

"Naenda kuuliza ule mupishi," alisema, akanishika mkono.

Kwenye seng'enge za kambi tulisimama muda mrefu, mpaka mpishi akatuona akaja. Mama akamuuliza moja kwa moja, "Papa, munaenda?" Yule mtu alitabasamu. Aligusa midomo yake, akatikisa kichwa, akaweka kiganja tumboni. Kisha akanyoosha kidole upande wa mashariki. Mwezi ulikuwa umeshatoka mchana ule ule, mweupe, umebaki kidogo ujae.

"Mwezi, Mama," alisema. "Kula hapana. Mwezi."

"Aksanti, Papa," mama akasema, kama aliyejibiwa vizuri.

Tulipofika alikaa kando ya kitanda cha Koko.

"Habaendi. Beko banafunga, sawa siye kwa Kwaresima. Mwezi njo inabaonyesha siku."

"Alikuambia vile?"

"Njo vile aliniambia."

Koko akatafakari. "Kumbe nabo beko na Mungu mwenye anapenda bantu bashinde njaa," alisema, na mara ya kwanza tangu asubuhi akaomba chakula. Mama akachota maharagwe kwenye gunia alilolikataa mpishi, akainjika. Hofu ilinitoka mwilini kama homa. Kabla hayajaiva nilikuwa nimelala.

Kesho yake Papa Maharagi alishuka mwenyewe hadi mlangoni kwetu na gunia tupu. Waliokimbia wakarudi na matope hadi magotini, na Mama Furaha akawa anamsifu mama kila kona: yule mwanamke anajua mambo. Koko aliishi miaka mingine, akafia kitandani kwake, tukamzika kwa utulivu.

Siku hizi nafanya kazi Goma, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Kuna siku tajiri wangu hushinda na ndizi, karanga na maziwa. Nilimuuliza. Akaniambia siku hiyo inaitwa ekadashi, siku ya kumi na moja mwezi ukikua, na ya kumi na moja tena ukipungua. Hali nafaka wala maharagwe, na nyumbani kwao hata kuyanunua siku hiyo hawataki. Ni mfungo wa kumheshimu Mungu wao.

Nilitoka nje mbio kumpigia mama simu. "Mama, ulisema kweli. Bale Bahindi balikuwa banafunga."

Mama akauliza: "Kumbe ilikuwa kweli?"

Nikamuuliza, kwani mpishi alimwambia nini.

"Miye nilisikia anasema chakula iliisha, na mwezi ikijaa banaenda," alisema. "Nilidanganya Koko juu asiombe tena tumuache. Nilitaka nibaamushe weye na Espoir, mufuate bantu ba mwisho, miye nibaki na Koko. Nikakuta munalala muzuri. Nikashindwa."

Miaka yote nilikuwa nikisimulia kwamba tulibaki kwa sababu mama alijua. Nilibaki nimeshika simu pale nje ya duka, hofu ile ile imenirudia, nikimwogopea yule mwanamke aliyekesha peke yake, katikati ya watu watatu waliolala kwa sababu walimwamini.