Mchikichi wa Mafinga

Majivuno ni kosa linalostawi hata mahali ambapo mchikichi haustawi. Kila mti wa jamii ya mnazi umepewa makao yake: mchikichi Kyela, mvumo uwanda wa Usangu, mkindu kandokando ya maji kule Ruaha Mbuyuni. Mafinga tumepewa paina na baridi. Kaka yangu hakuridhika. Alileta mche wa mchikichi kutoka Kyela, akaupanda mbele ya nyumba, na kila majira ya kipupwe ukavishwa blanketi.

Usharikani kwetu, Jumapili ya Mitende tulikuwa tukipunga matawi ya paina, yanayochoma shingo za walio mbele. Mwaka jana kaka alisimama mbele ya wazee wa kanisa akatamka: “Safari hii matawi yatatoka kwangu.”

Jumamosi, mama mmoja mzee wa kanisa alikuja kuyachukua. Aliutazama mti uliomfikia kaka kiunoni.

“Baba, msitu wenyewe ndio huu?”

“Subiri kidogo, mama,” wifi yangu akadakia. “Anatafuta ngazi ya kuupandia.”

Kaka hakucheka. Makuti yale yasingetosha hata safu ya mbele ya kwaya, na ahadi aliitoa hadharani. Akashika panga, akakata la kwanza, la pili, kisha akainama kulifuata kuti changa la moyoni. Mchikichi ukikatwa moyo hauchipui tena. Alilijua hilo, lakini akainua panga.

“Weka panga chini, mume wangu,” wifi akasema. “Blanketi unalifunga kwa mbwembwe wewe, kulifungua kila asubuhi ni mimi. Huu mti ni wangu pia. Siku ile ile uliyoahidi nilimpigia mama yangu simu Ruaha Mbuyuni. Makuti ya mkindu yapo njiani, kwenye lori la vitunguu.”

Yalifika jioni, mabichi na mengi. Kesho yake tuliingia kanisani tukiimba huku tukinuka vitunguu. Waliofuta machozi walidhaniwa wametubu.

Mchungaji akamshukuru kaka mbele ya usharika mzima kwa ukarimu wake. Kaka alisimama. Kwa kitambo nilimwona akiionja sifa ile, kifua kikianza kupanda, nami nikamkazia macho. Akakohoa, akaviangalia viatu vyake.

“Si mimi, Mchungaji,” akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. “Ni mke wangu.”