Nilivyowauzia Watalii Mumiani

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu najua mkifika katikati mtaanza kunitafutia visingizio: oh, alikuwa anatafuta riziki, oh, maisha ya Ulaya magumu. Acheni! Nilikuwa na kazi yangu ya kupanga maboksi ghalani na nyumbani tulikuwa tunakula tukashiba. Nilitaka tu kuonekana mtu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga. Miaka ile ya elfu mbili na kidogo tulikuwa tunaishi Saltley, hapa Birmingham, mimi na mke wangu Mapendo, watoto wetu wawili na mama mkwe. Mapendo ni Mkongo wa Kalemie. Mama yake tulimpokea kutoka kambi ya wakimbizi akiwa na begi moja, Biblia na ugonjwa wa sukari.

Sasa sikia zamu yangu nyumbani. Mapendo alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee, kwa hiyo kumpima mama sukari ilikuwa kazi yangu. Kila asubuhi kabla ya chai namtoboa kidole, nakamua tone la damu, naliweka kwenye kimashine, namsomea. Na kule hospitali, ile kubwa karibu na Harborne, mkalimani wake alikuwa mimi. Mama mkwe aliniamini mpaka nikawa naona haya.

"Mukwe wangu njo macho yangu," alikuwa akiwaambia wenzake kanisani.

Macho gani hayo, jamani!

Ikaja Oktoba. Kama hujawahi kuiona Oktoba ya Waingereza, pole sana, umepitwa. Maduka yote yanageuka makaburi. Meno marefu ya plastiki yamepangwa karibu na mkate, damu ya bandia karibu na sosi ya nyanya. Watu wazima wenye nyumba na kazi zao wanavaa makoti marefu meusi, wanapaka midomo rangi nyekundu, halafu wanakata tiketi ili mtu awatishie kuwanyonya damu. Hiyo ndiyo Halowini. Kwetu mtu akisemwa ni mnyonya damu, wengine wanafunga milango na wengine wanaokota mawe. Huku wanapanga foleni, na hakuna anayeruka foleni, maana ni watu wastaarabu!

Mwenzangu wa ghalani akanipeleka kwa Gary, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza watalii katikati ya mji. Gary alikuwa na huzuni kubwa. Wateja wake, alisema, wamemchoka yule bwana mkubwa mnyonya damu wa Ulaya Mashariki mwenye kasri na jeneza. Wanataka kitu kipya. Akaniuliza, kwenu hamna?

Ningejibu hatuna, leo ningekuwa nalala usingizi.

Nikamsimulia mumiani. Nikamwambia kwamba enzi za mkoloni watu wa pwani waliamini wapo wanaume wanaokamata wapita njia, wanawaning'iniza na kuwakamua damu ikatengenezewe dawa ya Wazungu. Wengine wakawasingizia hata wazima moto, kwa sababu ya lile gari lao jekundu. Nikaongeza kwamba Kongo, kwao mke wangu, wanamwita mutumbula. Gary macho yakamng'aa kama amepata mtoto wa kiume. Afrika halisi! Akanipa koti jeusi, meno, na bomba la sindano la plastiki lenye urefu wa mkono wangu. Nikawa nyota.

Lakini hadithi ilikuwa kavu. Mtalii hataki mumiani wa jumla jumla, anataka jina, anataka familia, anataka mtu wa kumhurumia kidogo kabla hajacheka. Na hilo jina nilikuwa nalo.

Siku moja jikoni, akichambua maharage, mama mkwe aliniambia habari za kaka yake, Ilunga. Walikuwa watoto. Ilunga alitumwa kwa jirani kufuata mawese, hakurudi. Mama yao alizunguka mtaa mzima akimwita mpaka sauti ikakauka. Wakubwa wakasema ni batumbula, mumiani wa kwao, yakaisha. Alinisimulia bila kunitazama, kisha akasema hata Mapendo hajawahi kumwambia, hakutaka mwanawe akue na hofu ile. Nikamwambia, pole mama.

Wiki hiyo hiyo nikamtia Ilunga kwenye ziara ya Gary!

Nilimfanya vizuri sana, msinione hivi. Nilikuwa namwita kwa sauti ya mama anayelia, "Ilungaaa! Ilungaaa!" Watalii wanatulia, mabinti wanashikana mikono. Halafu nachomoa lile bomba la sindano, nafyonza kwa mlio mrefu, nawaambia kijana alikuwa na ladha ya mawese. Wanaangua kicheko mpaka wanafuta machozi. Kipaji, ndugu zangu!

Nyumbani nilikuwa nimesema natembeza wageni. Maneno ya heshima. Mama mkwe akalitangazia kanisa zima. Basi Gary alipoweka ziara ya familia, Jumamosi mchana, bure kwa jamaa za wafanyakazi, Mapendo akaja na watoto, na mama mkwe akakataa kubaki. Alivaa kitenge chake cha Jumapili na kilemba, amekuja kumwona mkwe wake akiwa kazini. Waingereza wakampisha mbele, maana ni mzee.

Nilimwona. Ningeweza kuliruka lile jina. Ningeweza kusema Juma, au Tomaso, nani angejua? Lakini Gary alikuwa ananitazama na watu walikuwa wengi. Nikaita, "Ilungaaa!"

Kiingereza mama mkwe hakijui. Jina la kaka yake analijua. Alinitazama nikifyonza, akawatazama watu wakicheka, wajukuu wake wakiwemo. Mapendo naye alicheka, kwa sababu kwake lilikuwa jina tu. Mama akajifunika mabega kwa kitenge, akageuka, akaenda taratibu mpaka kituo cha basi.

Asubuhi yake nikaja na kimashine changu. Mikono ameificha.

"Mama, kidole."

"Hapana."

"Mama, ile ni kazi tu. Ni mchezo wa sikukuu yao."

"Kaka yangu ulisha muuzisha," akasema. "Sasa unataka na miye?"

Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angepiga magoti. Angemfuata mkewe akamwambia yote. Mimi nilimwogopa Mapendo. Nilijua ataniuliza Ilunga ni nani, na nimelitoa wapi jina lake. Kwa hiyo kila akirudi kazini na kuniuliza sukari ya mama ikoje, namjibu, "Iko sawa." Mama naye alikaa kimya, maana hakutaka kuvunja ndoa ya mwanawe. Kliniki wakipiga simu nawaambia mama amesafiri. Amesafiri! Yuko sebuleni, ana soksi mbili mbili, anasoma Zaburi.

Kazi nayo ilinoga. Halowini ikaisha, Gary akasema kwa nini tuache wakati watu bado wanataka? Tukaingia Desemba na Krismasi ya Mumiani. Nilivaa kofia nyekundu yenye kitambaa cheupe juu ya yale meno. Mwokozi anazaliwa, mimi nafyonza, na biashara inakwenda.

Mwaka mpya ulipoanza tukasikia harufu. Mapendo alimvua mama soksi kwa nguvu. Chini ya mguu kulikuwa na kidonda ambacho sitakieleza hapa. Alikuwa hakisikii tena, sukari ilikuwa imeshaua hisia.

Hospitali daktari akakaa pembeni ya kitanda aeleze. Nikafungua mdomo nitafsiri, kama kawaida yangu, macho ya mama. Akainua mkono.

"Si huyu."

Wakatafuta mkalimani, mama mmoja wa Kikenya, na mimi nikaombwa nitoke. Nikasimama nje ya mlango na kusikia kila kitu. "Mum, wanasema itabidi huu mguu ukatwe. Pole sana, mum." Kisha mama mkwe akauliza kama damu yake watabaki nayo. Yule Mkenya alidhani ni dawa zimemchanganya. Mimi nilijua alichokuwa anauliza, na nilikaa kwenye sakafu ya ile korido nikalia kama mtoto.

Walimkata chini ya goti. Wodini ndipo mama alipomwambia Mapendo yote, tangu Ilunga mpaka vidole. Mapendo hakunipigia kelele. Alitafuta nyumba isiyo na ngazi huko Kingstanding, akahamia na mama na watoto. Mimi nimebaki Saltley na makochi. Jumapili wananiruhusu kupeleka vitu vya dukani.

Kazi kwa Gary niliacha, na kwa ujinga wangu nilikwenda kumweleza sababu. Nililia ofisini kwake. Mtu mwema kweli, alinipa chai na biskuti, akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega.

Oktoba iliyofuata akaajiri kijana wa chuo avae lile koti. Binti yangu alikwenda na mwenzake wa shule, akarudi kwa bibi yake na habari: hadithi imeongezwa. Sasa yupo bibi kizee aliyemnyima mumiani kidole, mumiani akakasirika akachukua mguu mzima. Hata machozi yangu yalikatiwa tiketi!

Jumapili ile nilipofika na mifuko, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Tangu hospitali alikuwa hajanisemesha.

"Mukwe," akasema. "Pale kwa mambo ya muguu, batu banacheka pia?"

"Hapana, mama. Pale wananyamaza."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye Biblia yake.

Basi wewe unayesoma hapa, uliyeko ughaibuni au unayewatembeza wageni huko nyumbani, siku mwenye kuuza tiketi akikuuliza kwenu kuna kitu gani cha kutisha, mwambie hakuna. Sema kwenu ni ngoma na ndizi tu. Akikung'ang'ania, muuzie hofu yako mwenyewe, usimuuzie ya mama wa watu. Na ukishamwumiza mtu, usiende kulilia mbele ya mfanyabiashara! Mimi nilikuwa nimeshakwenda kuiona ile ziara kabla mama hajaniuliza. Nilisimama nyuma kabisa na kofia nimeishusha usoni. Pale kwenye mguu ndipo wanapocheka kuliko kote.