Shingo ya Usukani

Jenista alipewa baiskeli ile na mradi wa afya uliokuja Ileje miaka minne iliyopita, yeye na wahudumu wenzake wanaopita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa nyepesi, ina gia, na kila kifaa chake kilikuwa na vipimo vya kampuni yake tu. Mradi ulipofungwa, vipuri navyo vikakosekana.

Mwaka jana shingo ya usukani, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele, ikapata ufa. Akaipeleka kwa Osea, fundi wa karibu na stendi ya Itumba. Hakuwa fundi tu kwake. Waliimba kwaya moja tangu ujana, na ndiye aliyesimamia ubatizo wa mwanawe Brayan.

"Shingo za kawaida haziendani na hii, zitacheza," Osea alisema. "Usikubali mtu akulazimishie. Ngoja niulizie Tunduma."

Jenista akazunguka kwa miguu wiki mbili, milima kupanda na kushuka. Kisha simu ikaita.

"Mama Brayan, imepatikana. Ileile ya kampuni."

Akaendesha karibu mwezi mzima bila wasiwasi. Asubuhi moja, akiwa kwenye mteremko na mkoba wa kazi mgongoni, barabara ikakata kushoto. Akageuza usukani. Usukani ukageuka, gurudumu likaenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Akavunjika mtulinga.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono ukining'inia kwenye kitambaa, alimwomba jirani yake Damiano aifungue shingo ile mbele yake. Ndani mlikuwa na vipande vya bati vilivyokatwa kwenye kopo la soda, vikazungushwa ili kujaza nafasi. Rangi ya kopo ilikuwa bado inaonekana.

Hata hapo Jenista alimtetea. "Labda na yeye walimdanganya hukohuko Tunduma."

Siku hiyohiyo Erica, binti ya Osea, akaja kumjulia hali na mkungu wa ndizi.

"Pole sana, mama. Nami ingenikuta. Ile Jumapili uliyoniazima baiskeli niende Isongole, baba alinikataza. Alisema nisiipande kabisa, usukani wake si wa kuaminika."

Jenista aliomba maji, akanywa, akaomba mengine.

Kesho yake alimkuta Osea ameinamia gurudumu la mteja.

"Baba Erica, ulijua?"

Osea hakujifanya haelewi. "Nilikuona unahangaika na miguu. Nikasema itashika mpaka ipatikane ya kwake."

"Ungeniambia, ningeamua mwenyewe kupanda au kutembea. Mwanao ulimwambia."

Osea akaliinamia tena gurudumu. Jenista alimsubiri kidogo, alitaka kwa kweli kusikia kitu. Halafu akaondoka.

Miezi mitano baadaye Osea alimtuma Erica na shingo halisi, imetolewa kwenye baiskeli ya mradi uleule iliyokufa huko Mbozi. Damiano akaifunga. Ilikaa sawasawa, haikuhitaji kujazwa wala kupigwa tupa.

Jenista anaipanda, kazi haimpi nafasi ya kususa. Lakini kwenye kila mteremko hushuka, akaikokota hadi chini. Watu wakimuuliza, husema bega bado linamsumbua.