Mwalimu anataka nimwombe radhi mbele ya darasa kwa sababu nacheza klabu

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Admin, nakuomba jina langu na la shule yangu vibaki kwako. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko sekondari mwaka wa tatu, naishi Kagugu hapa Kigali na wazazi wangu. Mama alikulia Tanzania, ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili, na huwa anatusomea visa vya ukurasa huu akiwa anapika. Akikisoma hiki atajua ni mimi. Nimeamua kuandika hivyo hivyo.

Nacheza mpira wa wavu. Mwaka jana kocha mmoja wa kike aliniona nikicheza na rafiki zangu, akanichukua kwenye klabu yake ya wasichana kule Remera, karibu na Gisimenti. Kazi yangu uwanjani ni kupokea mpira unaoanzishwa na wapinzani. Kwa miezi mingi kocha amenifundisha kwamba miguu ndiyo inayoufuata mpira, mikono inatulia. Yeye alikulia Uganda na Kiswahili chake ni cha kuchanganya, msichana kwake ni mukobwa. "Mukobwa, mikono iko inarukaruka ya nini? Unafukuza kuku?" Tunacheka, narudia tena mpaka inakaa.

Shuleni mwalimu wa michezo anafundisha kupokea kwa kurusha mikono juu. Kipindi cha kwanza aliponiona nimeituliza, alipuliza filimbi akasimamisha darasa zima.

"Simameni, leo tuna profesa. Profesa, hiyo umefundishwa na nani?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba ni kocha wa klabu. Wenzangu wakaguna, "Eeeh!" Mwalimu akasema, "Basi kocha wako ndiye atakayekupa alama."

Tangu siku hiyo naitwa Profesa, hata na wa mwaka wa kwanza. Nikaanza kurusha mikono kama anavyotaka, nikapata alama. Nikienda Remera, kocha anauliza, "Nani ameharibu mikono yangu?" Alisema "yangu", kama vile mikono hii ni yake. Nikamjibu hakuna mtu. Nimelelewa kutobishana na mkubwa. Kwa mwalimu nilisema yego, yaani ndiyo, kwa kocha nikasema yego, nikadhani hiyo ndiyo adabu.

Mwezi uliopita mwalimu alinichagua kwenye timu ya shule, akatutangazia kwamba tuna mechi Jumamosi. Klabu nayo ilikuwa na mechi Jumamosi hiyo saa nane mchana, na kocha alikuwa ameniambia kwamba kwa mara ya kwanza nitaanza, sitakaa benchi. Mechi zetu za shule huwa asubuhi, kwa hiyo niliona zote naziweza, nikawakubalia wote wawili. Nilihesabu vibaya. Nilidhani mwezi bado una Jumamosi nyingine, kumbe ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, siku ya umuganda. Asubuhi hiyo kila mtaa unatoka kufanya usafi na kazi za pamoja, na hakuna mechi kabla ya mchana. Alhamisi mwalimu akatutajia saa: saa nane.

Nilimfuata peke yangu nikamweleza. Hakunitazama, alikuwa anakusanya mipira. "Chagua. Ila usipokuja, alama zako za muhula huu usiniulize."

Hapo nilifanya jambo ambalo linaniumiza mpaka leo. Nilichukua simu ya Mama bila kumwambia, nikamwandikia kocha kwamba nina malaria. Akanijibu, "Pole sana mwana wangu, pumzika, kunywa maji." Nikaenda kuchezea shule.

Sikucheza. Mwalimu aliniweka benchi seti zote tatu. Timu yetu ilikuwa inafungwa kwa mipira ya kuanzisha, wenzangu wananigeukia, yeye amekunja mikono tu. Tuliposhindwa alinipita akaniambia, "Sasa umejua shule ndiyo kwanza." Jioni picha ya timu ikasambaa kwenye WhatsApp, mimi nimo, nimevaa jezi, mzima kabisa. Kocha akaiona.

Jumanne nilipiga magoti pale uwanjani nikamwomba msamaha. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniliza. Alisema, "Ungeniambia ukweli ningekuruhusu kabla hujamaliza kuongea." Kisha akasema jina langu haliwezi kubaki kwenye timu ya mashindano ya vijana mpaka nilete karatasi iliyosainiwa na mwalimu, kwamba siku za mechi za klabu shule itaniachia. Orodha inafungwa Ijumaa hii. Mpaka hapo jezi yangu hampi mtu.

Nilimpelekea mwalimu karatasi. Aliisoma yote, akairudisha. Atasaini, lakini kwanza nisimame mbele ya darasa niombe radhi kwa kumdharau, na niseme kwamba ninachofundishwa klabu si sahihi.

Baba anasema, "Yaseme tu, mwanangu. Ni maneno, yatapita." Mama anasema, "Mwanangu hatadanganya mbele ya watoto arobaini ili apewe saini." Wamenuniana tangu Jumapili, na chanzo ni mimi.

Ndugu zangu, nilipomdanganya kocha nilikosa, na nimeshaomba msamaha kwa mdomo wangu. Lakini huyu mwalimu sikumdharau hata siku moja. Nilirusha mikono alipotaka nirushe, nikakaa benchi alipotaka nikae. Bado kila jioni napiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, mikono nimeituliza, kwa sababu naamini nitacheza.

Kipindi chake ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Ninyi ambao ni wazazi, ninyi ambao ni walimu, niambieni: nikisimama pale mbele, niseme nini?